Jinsi ya kufuatilia wachezaji wa skeitibodi wa zamani kupitia matangazo ya majarida

Mchezaji wa mpira ana kadi ya usajili, ana rekodi ya mechi, ana mkataba unaojulikana ulianza lini na uliisha lini. Mchezaji wa skeitibodi wa kulipwa wa California mwaka 1978 au 1988 hakuwa na daftari la namna hiyo. Alikuwa na mdhamini aliyechapa jina lake juu ya ubao na kumlipa kwa kila ubao uliouzwa, na mdhamini huyo alinunua kurasa za majarida kuutangaza. Ndiyo maana anayetaka kujua nani alikuwa wapi, lini, akivaa nini na akipanda ubao gani, hana budi kurudi kwenye matangazo. Makala za majarida hayo zilisimulia mashindano na safari. Matangazo yalionyesha nani analipwa na nani.

Lakini tangazo ni maneno ya muuzaji, tena huchelewa. Ukilisoma kama picha tu ya kufurahia utapata tarehe zisizo sahihi, na tarehe hizo zitakwenda kuzagaa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulisoma ili litoe ushahidi unaoweza kusimama.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja na miaka michache

Anayeanza hutamani kufuatilia timu nzima ya Powell Peralta, kampuni ya mbao za skeitibodi, kwa mkupuo. Usifanye hivyo. Chukua mchezaji mmoja na kipindi cha miaka minne au mitano, hasa kile ambacho unajua alihama kampuni. Mtu asiyehama, kama Steve Caballero ambaye jina lake limekaa Powell Peralta tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, anafaa kwa kufuatilia mabadiliko ya michoro: propela, kisha joka, kisha joka la Kichina. Ila hakufundishi kazi ngumu ya kukamata siku ya kuhama. Kwa kazi hiyo chukua watu kama Mark Gonzales, aliyetoka Vision akaanzisha Blind mwaka 1989 chini ya mwavuli wa World Industries, au Tony Hawk, aliyetoka Powell Peralta akaanzisha Birdhouse pamoja na Per Welinder mwaka 1992.

Hatua ya 2: Jua jarida unaloshika ni la nani

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Majarida makubwa mawili ya miaka ya 1980 yalikuwa mikononi mwa watu waliouza vifaa. Thrasher, lililoanza San Francisco Januari 1981, lilitoka kwa Fausto Vitello na Eric Swenson, ambao tayari walikuwa wakitengeneza traki za Independent tangu 1978. (Traki ni kile chuma chenye ekseli kinachoshika magurudumu mawili, skeitibodi moja ina traki mbili.) TransWorld Skateboarding, lililoanza 1983 huko kusini mwa California, lilitoka kwa Larry Balma na Peggy Cozens wa traki za Tracker. Kwa hiyo mchezaji wa Independent na mchezaji wa Tracker hawakuwa na nafasi sawa katika kila jarida. Ukimfuatilia mtu kwa kutumia Thrasher peke yake, utaona upande mmoja wa maisha yake. Soma yote mawili kwa kipindi kilekile.

Kabla ya hayo kulikuwa na Skateboarder. Lilianza mwishoni mwa 1964 kwa jina la The Quarterly Skateboarder, likatoa matoleo manne tu, likanyamaza, kisha likafufuliwa 1975 wakati magurudumu ya yurethani yalipokuwa yameuamsha mchezo. Likaendelea hadi 1980, likageuzwa kuwa Action Now, nalo likafa 1982. Ukiona mtu amekuandikia «tangazo la Skateboarder, 1970», ujue tarehe hiyo haiwezekani: mwaka huo jarida halikuwepo.

Big Brother la Steve Rocco, mwenye World Industries, lilianza 1992 na likauzwa kwa kampuni ya Larry Flynt mwaka 1997. Lina matangazo ambayo majarida mengine yasingekubali kuyachapa. Ni muhimu sana kwa anayefuatilia wachezaji wa World, Blind, 101 na Plan B, lakini lina picha na maneno ya watu wazima, usimpe mtoto. Slap nalo lilianza 1992, na ni zuri kwa wachezaji wa mitaani wa miaka ya 1990. Kwa Uingereza tafuta R.A.D. la mwishoni mwa miaka ya 1980, halafu Sidewalk kuanzia 1995.

Hatua ya 3: Kagua toleo kabla ya kuliamini

Majarida haya yalinunuliwa na vijana waliobandika kurasa ukutani. Kilichong'olewa mara nyingi ni tangazo hasa, na zaidi lile la jalada la nyuma, la kurasa za katikati, au lile la ukurasa mzima lenye rangi. Muuzaji akikuambia toleo ni zima, mwombe picha tatu: kurasa za katikati zikiwa wazi ili pini zionekane, jalada la nyuma kwa ndani, na ukurasa wenye orodha ya watangazaji kama upo. Kisha hesabu namba za kurasa kwa jozi. Katika jarida lililoshonwa kwa pini, ukurasa mmoja ukikosekana upande wa mbele, mwenzake wa upande wa nyuma nao hulegea au hukosekana kabisa, kwa kuwa ni karatasi moja iliyokunjwa.

Orodha ya watangazaji ni hazina. Inakuambia kampuni fulani ilikuwa na tangazo ukurasa wa 37 hata kama ukurasa huo haupo mbele yako. Andika «lilikuwepo, halijaonekana», uendelee.

Kama kuagiza karatasi kutoka Marekani kunakushinda kwa gharama ya posta, nakala zilizoskaniwa mtandaoni zinatosha kwa hatua nyingi. Hakikisha tu kwamba picha unayoitumia inaonyesha namba ya ukurasa au inatoka kwenye nakala nzima ya toleo. Tangazo lililokatwa peke yake na kupachikwa tarehe na mtu asiyejulikana ni picha tu, si ushahidi.

Hatua ya 4: Weka tarehe sahihi

Tarehe ya jaladani si siku tangazo lilipotengenezwa. Jarida la kila mwezi hufika dukani kabla ya mwezi ulioandikwa, na kampuni hupeleka tangazo lake mapema zaidi ili lipangwe na kuchapwa. Kwa makadirio, toa miezi miwili hadi mitatu kutoka tarehe ya jaladani upate wakati tangazo lilipokamilika. Tangazo la toleo la Juni linasema hali ilivyokuwa Machi au Aprili. Kati ya Aprili na Juni mchezaji anaweza kuwa ameshaondoka.

Kutokana na hilo fuata kanuni hii: usiandike kamwe «alihama Juni 1989» kwa sababu ya tangazo moja. Andika tarehe mbili, yaani tangazo la mwisho la kampuni ya zamani na tangazo la kwanza la kampuni mpya. Kuhama kulitokea mahali fulani kati ya hizo mbili, na mara nyingi karibu na mwanzo wa kipindi hicho kuliko mwisho, kwa kuwa kampuni mpya inahitaji muda wa kuchora, kutengeneza mbao na kupiga picha.

Ukiwa na ukurasa usio na tarehe, kuna vitu vinne vinavyosaidia.

Kwanza, namba ya simu ya kampuni. Tarakimu tatu za mwanzo za namba za California zilibadilika kwa tarehe zinazojulikana. San Diego ilitumia 714 hadi 1982, ikapewa 619. Sehemu ya kaskazini ya kaunti hiyo, ikiwemo Oceanside na Carlsbad, ilitoka 619 kwenda 760 mwaka 1997. Pwani ya Los Angeles, pamoja na El Segundo na Torrance, ilitoka 213 kwenda 310 mwishoni mwa 1991. Santa Cruz ilitoka 408 kwenda 831 mwaka 1998. Tangazo la kampuni ya El Segundo lenye 213 ni la 1991 au kabla. Lenye 310 ni la baada ya hapo. Ruhusu miezi michache ya kupishana, maana msimbo wa zamani uliendelea kupokelewa kwa muda na kampuni nyingine zilichelewa kubadilisha maandishi yao. Anwani ya tovuti ikionekana chini ya ukurasa, uko katikati ya miaka ya 1990 au mbele yake.

Pili, mahali pa picha. Del Mar Skate Ranch, uwanja wa skeitibodi, ulivunjwa 1987, na bwawa lake tupu la kuchezea lenye umbo la tundu la ufunguo linatambulika kwa haraka. Uwanja wa Upland, wenye bwawa maarufu la Combi, ambalo ni mabwawa mawili yaliyoungana, moja la duara na moja la mraba, ulifungwa mwishoni mwa 1988. Tangazo la toleo la 1989 linaloonyesha mchezaji akiwa Del Mar limetumia picha ya zamani. Hilo si kosa la jarida. Kampuni zilikuwa na akiba ya picha na zilizitumia tena, hasa mchezaji alipoumia au kama hakutaka kupigwa picha. Picha ya zamani ina maana kwamba viatu na magurudumu unayoyaona si vya mwaka wa tangazo.

Tatu, vifaa vilivyofungwa kwenye ubao. Katikati ya miaka ya 1980 mbao zilijaa plastiki: reli mbili chini ya tumbo la ubao, kinga ya pua (ncha ya mbele), kinga ya mkia (ncha ya nyuma), na kifuniko cha nyuma ya traki. Kampuni zilizitangaza kwa ukurasa mzima kwa sababu zilileta fedha nyingi. Kufika 1990 wachezaji wa mitaani walikuwa wamezivua, kwa kuwa zinaongeza uzito na kuzuia ubao kugeuka miguuni. Picha yenye plastiki zote hizo ni ya kabla ya hapo.

Nne, umbo la ubao, na hapa inabidi utoe rula. Katika picha ya bidhaa iliyopigwa kutoka juu, pima urefu wa ubao na upana wake kwa milimita, kisha gawanya urefu kwa upana. Ubao wa kati ya miaka ya 1980 ulikuwa na takriban inchi 30 kwa 10, kwa hiyo utapata karibu 3. Ubao wa baada ya 1992 ulikuwa na takriban inchi 31 kwa 7.5, utapata karibu 4. Usitumie gurudumu kama kipimo cha kulinganishia upana. Magurudumu nayo yalipungua wakati uleule, kutoka milimita 60 na zaidi hadi karibu 40, kwa hiyo uwiano wa gurudumu na upana haubadiliki sana na utakudanganya. Na ukipata 4 usikimbilie kusema ni 1993: mbao za 1975 nazo zilikuwa nyembamba. Tofauti iko kwenye pua. Ubao wa 1975 hauna pua iliyoinuka. Wa 1993 umeinuka pande zote mbili karibu sawa.

Hatua ya 5: Soma tangazo kwa mpangilio, si kwa macho ya shabiki

Picha kubwa ndiyo inayovuta. Iache mwisho. Anza na maandishi madogo chini ya ukurasa: anwani, simu, orodha ya timu, jina la mpiga picha, na mwaka wa hakimiliki. Mwaka wa hakimiliki hauchelewi kama jalada, ingawa mara nyingine ni wa mchoro tu na si wa tangazo lote.

Kisha tafuta jina la mchezaji liko wapi. Kuna ngazi tatu, na kuzichanganya ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayoonekana katika historia za mchezo huu.

Jina likiwa limechapwa juu ya ubao wenyewe, na ubao unauzwa, huyo ni mchezaji wa kulipwa. Ndicho kipimo kilichotumiwa na wachezaji wenyewe. Jina likiwa chini ya picha tu, mtu huyo anaweza kuwa wa ridhaa anayepewa vifaa bure bila malipo. Kampuni zilipenda kuonyesha vijana wa ridhaa kwa sababu walikuwa na hamu ya kupigwa picha kila siku. Jina likiwa ndani ya orodha ndefu ya timu ya traki, magurudumu au nguo, huenda mtu huyo alikuwa akipokea boksi la bidhaa na hakuna zaidi. Mtu mmoja angeweza kuwa wa kulipwa kwa ubao, wa ridhaa kwa viatu, na asiwe na mkataba wowote wa magurudumu, vyote kwa mwezi mmoja.

Kwa sababu hiyo andika udhamini wa kila kifaa kwenye safu yake. Mtu alipotoka kampuni ya ubao, traki na viatu mara nyingi vilibaki vilevile.

Sasa rudi kwenye picha. Picha moja ya mnato haithibitishi kwamba mchezaji alitua. Inathibitisha kwamba alifika hewani akiwa na ubao chini ya miguu yake. Picha za mfululizo, zile fremu sita, nane au kumi na mbili zilizopangwa kwa safu, ndizo zinazoonyesha kazi kutoka kuruka hadi kutua. Hesabu fremu na angalia ya mwisho. Mfululizo ukikatika wakati magurudumu bado yako hewani, usiandike kwamba alitua.

Angalia pia mtu ambaye hayupo duniani. Mwaka 1987 Powell Peralta ilitoa filamu ya The Search for Animal Chin, na kampeni yake ilimtafuta mzee mmoja mwenye hekima ya mchezo. Mzee huyo ni wa kubuni. Matangazo ya Powell ya kipindi kile, mengi yakitoka mikononi mwa Craig Stecyk, hayakuwa yakionyesha ubao kila mara, wala mchezo wenyewe. Usiyaruke ukidhani hayana kitu. Yalikuwa yakiuza timu, na nani amesimama kwenye picha ya pamoja ni taarifa kubwa kuliko mruko mmoja.

Hatua ya 6: Usiache kurasa za kuuza kwa posta

Nyuma ya kila jarida kulikuwa na kurasa zilizobanana za maduka yaliyouza kwa posta, kama Skates on Haight la San Francisco na California Cheap Skates la San Luis Obispo. Kwa macho hazivutii: picha za mbao zenye ukubwa wa kidole gumba, majina na bei. Kwa kazi yetu hizi ndizo kurasa bora za toleo zima. Zinakupa mbao zote zenye majina ya wachezaji zilizokuwa sokoni mwezi huo, kutoka kampuni zote, bila majigambo ya kampuni yoyote.

Zisome kwa kuzilinganisha mwezi hadi mwezi. Jina jipya likitokea, ubao umeingia sokoni. Bei ikishuka ghafla kwa ubao mmoja huku nyingine zikibaki palepale, duka linamaliza akiba, na mara nyingi mchezaji ameshaondoka au mchoro unabadilishwa. Kosa la kuepuka ni kudhani kwamba ubao ukiendelea kuuzwa basi mchezaji bado yupo. Duka halitupi bidhaa kwa sababu mtu amehama.

Hatua ya 7: Jedwali

Tengeneza jedwali lenye safu hizi: jarida, mwaka na mwezi wa jalada, ukurasa, kampuni, kifaa, jina la mchezaji, ngazi (ubao wa jina, picha, orodha), mahali pa picha, mpiga picha, na hali ya chanzo (karatasi, skani nzima, ukurasa uliokatwa). Mstari mmoja kwa kila mchezaji kwa kila tangazo. Tangazo lenye watu sita linapata mistari sita. Ni kazi, lakini ukiweka watu sita kwenye mstari mmoja hutaweza kupanga kwa jina baadaye.

Majina yaandike kwa namna moja tangu mwanzo. Natas Kaupas huandikwa Natas peke yake katika matangazo mengi ya kampuni ya mbao ya Santa Monica Airlines, na Gonzales ni Gonz mahali pengi. Tumia jina kamili kwenye jedwali, na lile lililochapwa liweke kwenye safu ya maelezo.

Mfano: Mike Vallely, kutoka Powell hadi World

Vallely anafaa kuonyesha jinsi hatua hizi zinavyofanya kazi pamoja, kwa sababu kuhama kwake kulibadilisha hata umbo la ubao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 yuko Powell Peralta, na ubao wenye jina lake una mchoro wa tembo. Tafuta tangazo la ubao huo na uupime: ni mpana, mkia ni mrefu, pua ni fupi. Mwaka 1989 anatokea World Industries, kampuni changa ya Steve Rocco, ambako Rodney Mullen naye alihamia kutoka Powell. Ubao wake mpya unajulikana kama Barnyard: wanyama wa shambani waliochorwa na Marc McKee, na maneno yanayomsihi msomaji asiwale rafiki zake. Vallely hakuwa akila nyama, na ubao ulisema hivyo waziwazi.

Angalia umbo kabla ya wanyama. Pua ya Barnyard imerefushwa na kuinuliwa, karibu ilingane na mkia, na ncha zote mbili zina mviringo unaofanana. Mbao za kabla yake zilikuwa na mbele na nyuma zilizotofautiana wazi. Mbao zinazotumika leo, ziwe za Kitintale kule Kampala au za uwanja wa Shangilia Nairobi, ni za ukoo huo wa ncha mbili.

Sasa jaza jedwali. Mstari wa mwisho wa Powell wenye Vallely akiwa na ubao wa jina. Mstari wa kwanza wa World wenye Barnyard. Kati yao tafuta mistari ya viatu na traki. Hiyo haikatiki siku moja na ubao. Halafu nenda kwenye kurasa za posta uone tembo aliendelea kuuzwa hadi lini. Utakuta vipindi viwili vinapishana: mchezaji yuko World, tembo bado yuko dukani. Ukisoma kurasa za posta peke yake ungesema alihama kwa kuchelewa. Ukisoma matangazo makubwa peke yake ungesema Powell iliacha kuuza tembo siku ileile. Yote mawili si kweli.

Endelea mbele naye utafika New Deal, kisha kampuni aliyoianzisha pamoja na Ed Templeton. Hapo ndipo mistari inakuwa michache, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la skeitibodi lilianguka, majarida yakapungua unene, na kampuni nyingi zikaacha rangi au zikanunua robo ya ukurasa. Jedwali lenye mapengo katika miaka hiyo si lazima liwe kosa lako.

Wasioonekana

Jedwali la matangazo litakupa wanaume wengi na wanawake wachache mno, na ukilisoma bila uangalifu utadhani wanawake hawakucheza. Patti McGee alidhaminiwa na Hobie na alikuwa kwenye jalada la jarida la Life la Mei 14, 1965, akisimama kwa mikono juu ya ubao. Miaka ya 1970 Laura Thornhill alikuwa na ubao wenye jina lake katika kampuni ya Logan Earth Ski, na Ellen O'Neal alikuwa kampuni ya G&S (Gordon & Smith). Miaka ya 1980 matangazo yanakauka. Cara-Beth Burnside alitokea kwenye jalada la Thrasher mwaka 1989, lakini ukimtafuta kwenye matangazo ya mbao ya mwaka huo utachoka. Inabidi ufike 1998, Toy Machine ilipompa Elissa Steamer ubao wa jina. Kwa wachezaji hawa ongeza safu ya matokeo ya mashindano na ya majalada, maana kampuni zilizonunua kurasa hazikuwanunulia.

Hatua ya 8: Kuskani

Ukurasa wa jarida la Marekani una takriban inchi 8.25 kwa 10.75, kwa hiyo unaingia kwenye skana ya A4 kwa shida upande wa upana. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaouskani. Bila hiyo, maandishi ya upande wa pili yatapenya, hasa kwenye Thrasher za miaka ya mwanzo, zilizochapwa kwenye karatasi ya gazeti.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Faili ya TIFF ya rangi isiyobanwa itafika karibu MB 96 kwa ukurasa. Hiyo ndiyo nakala mama. Ya kutuma kwa watu punguza hadi nusu kwa JPEG. Sababu ya kuanza na 600 ni kwamba picha za majarida zimechapwa kwa vinukta, na ukiskani kwa kiwango cha chini vinukta hivyo hugongana na vya skana, na unapata mawimbi-mawimbi juu ya picha nzima. Mawimbi yakitokea hata hivyo, geuza ukurasa digrii chache, skani upya, kisha unyooshe kwenye kompyuta. Usitumie kitufe cha kunoa picha; kinakuza vinukta na mawimbi.

Tangazo la kurasa mbili katika jarida lililounganishwa kwa gundi halifunguki hadi mwisho. Usilikandamize, mgongo utapasuka. Skani kila upande peke yake, kubali kwamba sentimita moja ya katikati imepotea, na usiiunganishe kwa kubuni kilichokuwepo. Ukitumia simu badala ya skana, simama karibu na dirisha, zima flashi, na hakikisha simu iko sambamba na karatasi. Ukurasa unaong'aa ukipigwa flashi jina la ubao ndilo linalopotea kwanza.

Faili ipewe jina kwa mpangilio huu: jarida, mwaka, mwezi kwa tarakimu mbili, ukurasa kwa tarakimu tatu, kampuni. Kwa mfano thrasher-1989-06-037-kampuni. Zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

Hatua ya 9: Kutunza karatasi

Joto na unyevu wa pwani ni adui. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, unyevu hupita kwa mbali asilimia 50 ambayo karatasi inapenda, na pini za chuma huota kutu inayokula mkunjo. Tumia mifuko ya polipropilini au poliesta, kamwe si ya PVC, kwa kuwa PVC hutoa kemikali zinazonata kwenye wino. Weka vipakiti vya silika kwenye kasha linalofunga vizuri na uvikaushe au uvibadilishe vinapolowa. Majarida ya karatasi ya gazeti yatenge na ya karatasi inayong'aa, maana yana asidi na hugeuza jirani yake rangi ya chai. Usitumie gundi ya selotepu kwenye mpasuko wowote.

Hatua ya 10: Kuchapisha ulichopata

Picha ina mwenyewe, na si kampuni peke yake. Grant Brittain, Glen E. Friedman na Jim Goodrich ni baadhi ya waliopiga picha ambazo leo huzunguka mtandaoni bila majina yao. Andika jina la mpiga picha kila mara linaposomeka. Lisiposomeka andika «mpiga picha hajatajwa», na usikisie kwa mtindo wa picha. Weka jarida, mwezi na ukurasa chini ya kila tangazo unalotuma. Ukihitaji kuitumia kwenye kitu cha kuuza, hata fulana kumi, omba ruhusa kwa mpiga picha na kwa mwenye mchoro, kwa kuwa mara nyingi hao ni watu wawili tofauti: wa kwanza alishika kamera, wa pili alichora joka, tembo au fuvu lililo chini ya ubao.